Chafya ya Pikapu ya Bi Zaina

Iko siku naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka huacha ninachokifanya nikakaa kitako kwanza. Ilikuwa siku ya kawaida hapa Chanika, pembeni ya mji wa Handeni, jua kali na vumbi jingi, nami nikiwa kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye gereji yangu mwenyewe na kichwa kilichovimba kupita kiasi. Siku hiyo mwanamke mmoja aliniambia ukweli kuhusu gari lake, nami nikamcheka mbele ya watu. Nitakueleza yote, hata yale ninayoona haya kuyasema, maana nimezeeka na sina tena wa kumficha.

Najua mnavyonisema nyinyi vijana wa gereji. Mnasema mzee huyu akiletewa gari hafungui boneti, anaanza kuwahoji abiria kama karani wa sensa. Lilianza lini? Lilikuwa limebeba nini? Wewe uliyekaa kushoto, ulisikia nini? Mnacheka, halafu mnachomeka kile kimashine chenu chini ya usukani, kinawatajia ugonjwa kwenye simu. Sikidharau. Kimesema kweli mara nyingi kuliko mafundi kadhaa ninaowajua, na mimi mwenyewe nikiwamo. Ila magari niliyoanza nayo hayakuwa na pa kukichomeka, na aliyejua habari za gari alikuwa yule anayelipanda kila siku.

Basi, palikuwa na mjane mmoja akiitwa Bi Zaina. Kijiji chake kiko ndani ndani huko, ukishika barabara ya Korogwe kisha ukaiacha na kuingia mashambani. Mumewe alipofariki alimwachia shamba la mahindi, binti mmoja, Mwajuma, na pikapu ya petroli iliyochakaa rangi lakini yenye injini nzuri. Gari jingine kijijini halikuwapo. Pikapu ile ilipeleka mahindi Korogwe, ikarudi na mabati na saruji, ikabeba maharusi, ikabeba maiti, na mtu akizidiwa na ugonjwa, ikambeba yeye. Dereva alikuwa Athumani, mtoto wa mdogo wake Bi Zaina, kijana wa rika langu, mpole, wa maneno machache. Alikuwa anaipenda ile gari, utamkuta anaifuta vumbi hata kama dakika tano baadaye litarudi lile lile.

Mkasa ulianza na kitu kidogo. Athumani alijaza mafuta Kabuku, akaweka kifuniko cha tangi juu ya paa la gari, akaenda kumsaidia mtu kupandisha gunia. Aliporudi akaondoa gari. Kifuniko kikaangukia huko huko njiani na hakikuonekana tena. Nikatafuta kingine Handeni, hakuna. Nikaagiza Korogwe kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vipuri, akasema cha gari hilo ni mpaka kitoke Dar es Salaam, na hakujua lini. Athumani akaziba tangi kwa kitambaa. Petroli ikawa inanuka gari zima, Bi Zaina analalamika kichwa, abiria wa nyuma wanatapika.

Ndipo nikajitia ufundi. Unajua hapa kwetu dumu likipoteza kizibo mtu huziba kwa gunzi la mahindi, wala haoni ajabu. Nami nikasema nitatia gunzi, lakini langu litakuwa gunzi la fundi. Nikachagua nene, kavu, nikalichonga kwa kisu likae sawasawa na mdomo wa tangi. Nikalizungushia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikapaka sabuni ya kipande pembeni kote ili pasivuje hata mvuke. Nikamwambia Athumani apandishe gari kwenye tuta, likainama upande wa tangi, tukangoja. Halikutoka hata tone. Harufu nayo ikakata. Bi Zaina akanishukuru sana, akaniombea heri, na kwa siku mbili tatu nilikuwa nikiwaita mafundi wenzangu waje waone kazi.

Zikapita kama wiki mbili, pikapu ikarudi. Athumani ndiye aliyeshuka kwanza.

"Fundi, gari inaishiwa nguvu," akasema. "Tukitoka nyumbani inakwenda vizuri kabisa. Tukishafika mbali inaanza kulegea, halafu inapiga. Ukikanyaga mafuta ndiyo inazidi."

"Inapiga risasi?"

"Ndiyo, ka' risasi hivi."

Kwangu mimi mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Enzi zile kila kishindo cha injini tulikiita risasi, na dawa ya risasi tulikuwa tunaijua kwa kichwa: toa plagi, safisha platini zinazokatia plagi umeme, rekebisha moto, mteja aende zake. Nilikuwa nimeshainua spana. Bi Zaina, aliyekuwa bado amekaa mbele, mlango wazi, akaniita.

"Si risasi, mwanangu. Inapiga chafya."

"Chafya, mama?"

"Chafya. Risasi ingetokea huko nyuma, kwenye ekzosi. Hii inatoka mbele, mimi naisikia hapa miguuni. Inakuwa kama inavuta pumzi, inaikosa, halafu inapiga chafya. Na Athumani akishuka akafungua tangi, inatulia, tunakwenda."

Gereji ilikuwa na watu sita au saba siku hiyo, wateja na wapiga soga. Niliwageukia wao kabla ya kumjibu yeye, na hilo peke yake lingetosha kukuambia nilikuwa mtu wa namna gani.

"Mama, gari halina pua," nikasema. "Likishikwa na mafua nitalitafutia dawa ya kifua."

Watu wakacheka. Athumani akatazama chini. Bi Zaina hakukasirika, alijifunga kanga yake vizuri. Alikuwa na umri wa mama yangu mzazi.

Nikuambie sasa alichoniambia mama yule, kwa maneno ya kifundi, ili uone nilichokitupa. Kishindo kinachotokea nyuma kwenye ekzosi ni cha mafuta yaliyopita bila kuungua, na mara nyingi shida iko kwenye moto wa plagi. Kishindo kinachorudi mbele, kwenye kabureta, pale hewa na mafuta vinapochanganyikana, mara nyingi ni cha injini yenye njaa: hewa ipo, mafuta hayafiki. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa. Bi Zaina alinieleza kinatokea wapi. Akanieleza kinatokea lini, kwamba si asubuhi, ni baada ya mwendo. Akanieleza mpaka kinachokiponya. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini tangu siku ile, na hakuna mteja aliyewahi kunieleza ugonjwa wa gari vizuri kuliko vile.

Mimi nikabadilisha plagi. Nikasugua platini. Nikalijaribu gari kutoka Chanika hadi mjini na kurudi, likaenda laini kama jipya. Na kabla ya kulijaribu, kila mara, nilianza kwa kufungua tangi niongeze mafuta kidogo. Yaani ile dawa aliyoitaja Bi Zaina nilikuwa naitia kwa mikono yangu mwenyewe kila siku, halafu nikisifia plagi.

Wiki iliyofuata wakarudi na ugonjwa ule ule. Nikaosha kabureta. Safari hii nikakuta vumbi kidogo ndani yake, na moyo wangu ukaruka kwa furaha, maana sasa nilikuwa na wa kumlaumu. Nikatoka nje nikiwa nimekishika kile chombo juu kama ushahidi.

"Nani anafunguafungua tangi njiani?"

"Mimi, fundi," Athumani akajibu. "Ikianza ile kulegea, nikifungua..."

"Ndiyo maana. Unaingiza vumbi. Wewe ndiye unayeiua hii gari."

Nilisema hivyo mbele ya watu, mwanangu. Mbele ya mama yake mkubwa. Kisha nikachukua waya mwembamba, nikalifunga lile gunzi, nikauzungusha mara nne na kuubana kwa koleo. Nikamwambia marufuku kuufungua mpaka afike pa kujazia mafuta.

Bi Zaina akaniuliza, "Fundi, una hakika?"

"Mia kwa mia, mama."

Hakika sikuwa nayo hata kidogo. Nilikuwa na wateja wanaonitazama, na kijana anayeona haya, na nilitaka siku iishe nikiwa bado ninaitwa fundi.

Haya yanayofuata sikuyaona kwa macho, nilielezwa baadaye na Bi Zaina mwenyewe. Siku ya tisa baada ya wao kuondoka gerejini kwangu, Mwajuma alishikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Uchungu ulianza usiku, asubuhi nesi wa zahanati akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Korogwe haraka. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini na mgonjwa mwingine. Wakatandika godoro kwenye pikapu, Mwajuma akalazwa, Bi Zaina akapanda nyuma akampakata kichwa. Athumani akashika usukani. Kwa barabara ya wakati ule, kabla haijawekwa lami, safari ilikuwa ya saa mbili na nusu.

Saa ya kwanza gari lilikwenda vizuri. Kisha likaanza kulegea, likapiga chafya, likapiga tena, likazima. Athumani akashuka, akafungua boneti, akafanya kila nilichomfundisha: akatoa plagi moja moja, akazifuta, akazirudisha. Muda ule wote, nadhani, hewa kidogo ilikuwa inapenya taratibu kwenye tangi. Akawasha, likawaka, naye akaamini kuwa dawa ilikuwa plagi. Wakaenda kilomita chache, likazima tena.

"Athumani, fungua tangi," Bi Zaina akamwambia.

"Mama mkubwa, fundi amekataza."

Akasafisha plagi tena. Likawaka, likaenda, likazima. Jua lilikuwa limeshapanda. Mwajuma alikuwa ameacha kupiga kelele, na Bi Zaina aliniambia kuwa ukimya ule ndio uliomtisha. Akamwambia tena Athumani afungue, naye akamjibu vile vile, machozi yakimtoka, kwamba fundi amesema akifungua ataiua gari, na wakikwama hapa na gari limekufa watafanya nini. Nadhani yeye alikuwa anafanya lililo sahihi kwa kadiri alivyoambiwa na mtu aliyedhani anajua.

Mara ya nne lilipozima, Bi Zaina alimlaza binti yake vizuri, akashuka mwenyewe. Koleo hakuwa nalo. Waya wangu aliufungua kwa vidole na meno, ukamchana. Alipolivuta gunzi tangi likavuta hewa kwa sauti kubwa, fyuuu, hata Athumani aliyekuwa mbele akaisikia. Gari likawaka palepale na halikuzima tena mpaka mlango wa hospitali. Walifika alasiri. Madaktari walimwokoa Mwajuma. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshafariki, na Mwajuma hakupata kushika mimba nyingine maishani mwake.

Nilienda msibani. Nilikaa mkekani na wanaume wenzangu, nikasikia wakisema gari lenyewe kuukuu, wengine wakisema yule dereva hana uzoefu, wengi wakisema ni kazi ya Mungu. Nami nikaitikia, ni kazi ya Mungu. Nilikuwa nimeshaanza kushuku, tangu niliposimuliwa kuwa mama alifungua tangi gari likapona. Lakini nilitikisa kichwa kama wengine, nikanywa chai ya msiba, nikatoa pole, nikaondoka. Nimemuomba Mungu msamaha wa mambo mengi, na kitendo cha kulitumia jina lake siku ile kama pazia la kujifichia ndicho kinachonichoma mpaka leo.

Arobaini ilipopita Bi Zaina alikuja gereji. Alikuja kwa miguu kutoka kituoni, peke yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa gunzi langu na kipande cha waya, akaviweka juu ya sanduku langu la spana.

"Hivi ni vyako," akasema.

Nikamvutia kigoda, hakukaa.

"Sikuja kukugombeza. Kukugombeza hakutamrudisha mtoto. Nimekuja kwa ajili ya Athumani. Ameacha usukani. Ametoka nyumbani, yuko Segera anauza machungwa kwenye mabasi. Anasema yeye ndiye aliyemuua mjukuu wangu, kwa kuwa nilimwambia afungue akanikatalia. Mimi nimemwambia sivyo, hanisikii. Wewe atakusikia. Nenda kamwambie ni nani."

"Mama, huenda ilikuwa..."

"Mwanangu," akanikatiza, polepole, "nilikuambia inapiga chafya. Ukacheka. Sasa usinieleze mimi habari ya gari."

Akageuka akaenda zake. Alipotokomea nilichukua kifuniko cha tangi la gari jingine lililokuwa pale gereji, nikakigeuza. Ndani yake palikuwa na kitundu kidogo, cha ukubwa wa ncha ya sindano. Nilikuwa nimekishika kifuniko cha aina hiyo labda mara elfu. Nikaweka mdomo nikapuliza, pumzi ikapita. Mafuta yakitoka kwenye tangi lazima hewa iingie badala yake, la sivyo tangi linayang'ang'ania, pampu inavuta mpaka inashindwa, injini inakufa njaa huku mafuta yakiwa tele. Mtu yeyote aliyewahi kumimina maji kwenye dumu anajua habari hiyo. Kizibo changu kilikuwa na kosa moja tu, kwamba kilikuwa kizuri mno. Kile kitambaa kibovu cha Athumani, kilichonuka na kuvuja, kingemfikisha Mwajuma Korogwe kabla ya adhuhuri.

Ungedhani nilikwenda Segera siku ile ile. Sikwenda. Nilijiambia kwanza amalize majonzi. Kisha nikajiambia ni msimu wa kuvuna, gereji ina kazi. Kisha nikajiambia pengine amesahau. Kutoka hapa hadi Segera si safari ya kumtisha mtu, na kila juma nilikuwa napitia Segera kwenda Tanga kutafuta vipuri. Nilipofika pale nilikuwa nafunga kioo cha basi na kujitia nimelala. Mwanangu, nilijitia usingizi nikiwa mtu mzima, kwa kumwogopa kijana mwenye beseni la machungwa. Ilipita zaidi ya miaka miwili hivyo.

Siku niliyoshuka, sikuwa nimepanga. Basi lilisimama, akaja dirishani kwangu kabla sijafunga kioo, akaniona. Alikuwa amekonda. Hakukimbia wala hakununa, aliniuliza tu kama nataka ya kumenywa. Nikashuka. Tulisimama kando ya barabara, magari ya Arusha yanapita huku, ya Dar yanapita huku, nikamweleza kila kitu: kitundu cha kifuniko, gunzi, sabuni, waya. Nikamwambia si wewe, ni mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya chungwa ambalo hakuna aliyeliagiza.

"Fundi," akasema, "mimi nilikuwa najua."

"Ulijua nini?"

"Kuwa shida ni lile gunzi. Tangu ulipolitia, nilikuwa nafungua njiani na gari inakwenda. Mara ngapi? Kila safari. Nilikuwa nimeshazoea. Sikujua kwa nini, ila nilijua. Halafu ukanisema mbele za watu kuwa naiua gari ya mama mkubwa. Siku ile barabarani nilikuwa naliangalia lile gunzi, najua kabisa nikilivuta tutakwenda. Nikasema, lakini fundi amesema. Nikayaacha ninayoyajua, nikashika ya kwako."

Nikamwambia basi kosa ni langu zaidi.

"Lako lipo," akasema. "Na langu lipo. Ungekuja mapema labda ungeninyang'anya kidogo. Sasa nimeshalizoea."

Basi jingine likaingia. Akanipa lile chungwa, akajitwisha beseni, akakimbilia dirishani kwa watu. Nilimngoja mpaka likaondoka, akaenda kwenye lingine, akaenda kwenye lingine, akawa hanitazami tena. Nikavuka barabara kutafuta gari la kurudi Handeni.

Niliporudi nilimfuata Bi Zaina nikamwambia nimekwenda. Akaniuliza Athumani amesemaje, nikamweleza. Alilia siku hiyo, jambo ambalo hakulifanya mbele yangu hata msibani. Akasema, "Umechelewa, mwanangu," basi. Gari lake alikuwa akilipeleka kwa fundi mwingine Korogwe, na mimi sikuthubutu kumuuliza sababu. Tulikuwa tukikutana tunaamkiana, ananiuliza habari za watoto wangu, kwa wema kabisa. Amekwisha fariki sasa, Mungu amrehemu. Mwajuma yuko hai, ni mtu mzima, analea watoto wa ndugu zake. Athumani hakushika usukani tena.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na nikwambie lilivyo, halikuwa jepesi kadiri miaka ilivyopita kama watu wanavyodai. Nililokuwa nalifikiri zamani ni kwamba kosa langu lilikuwa la ufundi, kutokujua habari ya kitundu. Sivyo. Kutojua kulikuwa kosa dogo, kila fundi kuna siku hajui, na gari lingerudi mara ya tatu nikajua. Kosa langu lilikuwa kumfunga mdomo yule aliyekuwa anajua. Nilimfunga Bi Zaina kwa kicheko, nikamfunga Athumani kwa haya. Wewe unapoitwa fundi, au daktari, au mwalimu, au hata baba wa nyumba, neno lako linakuwa zito kuliko unavyolipima mwenyewe. Mtu ataacha anachokiona kwa macho yake ashike ulichosema wewe, na wewe ulikisema tu ili usiaibike.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akikuletea shida yake, mwache aieleze kwa maneno yake mpaka amalize. Akisema inapiga chafya, usimtafsirie kwa haraka ukamwambia ni risasi kwa kuwa risasi ndiyo unayoijua kuitibu. Muulize chafya inatokea wapi, inatokea lini, na wao hufanya nini ikitokea. Lijaribu gari kama wanavyolitumia wao, kwa mzigo wao na umbali wao, si kwa kuzunguka nalo mitaani. Kama hujui, sema hujui, na uliseme hilo kwa sauti ile ile unayosemea unayoyajua. Usimtangazie mtu kosa mbele ya watu. Na ikiwa umeshakosa, usingoje arobaini, usingoje mavuno, wala usingoje basi likusimamishe dirishani kwake. Nenda siku hiyo hiyo, maana kila siku unayochelewa kuna mwenzako anaubeba mzigo wako na mabega yake yanauzoea.

Sina zaidi. Mungu akulinde gerejini, na awalinde barabarani wanaopanda magari unayoyatengeneza. Akupe riziki ya mikono yako na ajaalie kila unayemhudumia afike anakokwenda, na mwanao azaliwe salama, alie, umsikie. Akupe watu wa kukubishia, na siku mmoja wao akikubishia, akupe moyo wa kuweka spana chini ukamwambia, "Hebu nieleze tena, mama, sikukusikia vizuri." Amina.